Betri Iliyosingiziwa

Wanaume wakistaafu huzuka na maradhi yao. Kuna anayefuga kuku wa mayai hadi mdondo uwapitie wote, na kuna anayegombea uenyekiti wa mtaa. Baba Watoto, aliyezeeka akiendesha watalii kutoka Arusha kwenda Manyara, Ngorongoro na Serengeti, alinunua Land Cruiser kuukuu kwa kampuni moja iliyokuwa ikiuza magari yake yaliyochoka. Paa lake linanyanyuka, viti vya nyuma vilikwisha kung'olewa, na mahali pa viti akaweka kitanda cha mbao, sanduku la vyombo na friji. Alisema wageni tumewatembeza vya kutosha, sasa ni zamu yetu.

Gari sikuligombania. Jicho langu lilikuwa kwenye friji: lita 40, ya kufunguliwa kwa juu, inatumia umeme wa ukutani na umeme wa betri wa volti 12. Ukweni kwangu ni Muheza, na kutoka Muheza hadi Tanga mjini ni mwendo mfupi. Mwanamke aliyeolewa huko akirudi Arusha bila nguru, majirani watamsema mwaka mzima. Miaka yote samaki wangu walisafiri ndani ya ndoo ya barafu. Kufika Same barafu imekuwa maji, kufika Moshi maji yamekuwa supu.

Nyumbani friji haikuonyesha kasoro. Tuliichomeka ukutani, ikagandisha maji mpaka chupa ikatanuka. Barabarani nako, injini ikiunguruma, iliendelea kupoza, na watoto walikunywa soda baridi kutoka Moshi hadi Same. Tulifika Mombo jua limezama, tukaegesha tulale, gari likazimwa. Alfajiri nikafungua friji nitoe maziwa ya chai. Maziwa yalikuwa yamekwisha kujiamulia: yamechacha.

“Ni joto la Mombo,” Baba Watoto alisema. Dereva wa watalii ana jibu la kila swali la mgeni, na mkewe humhesabu kuwa mgeni wa kudumu.

Sikubishana. Kesho yake tuliteremka soko la samaki la Deep Sea, pale Tanga, nikanunua nguru wa vipande, changu na kolekole. Nilivutana bei na muuzaji mpaka akauliza nyumbani kwetu ni wapi, nami nikamjibu kwa fahari kwamba nimeolewa Muheza. Samaki wakaparuliwa, wakasafishwa, wakapangwa ndani ya friji. Tulirudi Muheza injini ikinguruma na friji ikinguruma. Gari likaegeshwa chini ya mwembe wa Bibi, mama mkwe wangu, kila mtu akaenda kulala.

Usiku wa manane paka wa Muheza walifanya mkutano mkuu juu ya boneti. Paka hahitaji kipimajoto. Tulipotoka na tochi tulimkuta dume moja la rangi ya majivu limeketi juu ya paa, limetulia, linasubiri mwenye nyumba afungue ghala. Ndani ya friji barafu imekwisha, samaki wameanza kulainika. Hatukungoja kupambazuke. Niliwasha jiko, wifi akawasha la pili, na mpaka saa moja asubuhi tulikuwa tumekaanga kila kipande. Majirani waliamka wakaletewa nguru mlangoni. Wakasifu sana ukarimu wa watu wa Arusha.

Asubuhi ile baraza lilikaa chini ya mwembe, na kila mmoja alikuja na mshitakiwa wake. Baba Watoto alikuwa bado na joto. Wifi alisema gesi ya friji imeisha, na kwa kuwa yeye si mtu wa maneno matupu, alikwisha kumwita fundi friji wa mtaani, ambaye alikuwa amesimama getini na mtungi wake begani. Shemeji, mdogo wake Baba Watoto, alisema betri imekufa. Alisema kwa sauti ya daktari anayewapa ndugu habari mbaya.

Bibi alimaliza chai yake, akauliza, “Ukutani inapoza?”

“Inapoza, mama.”

“Gari likiunguruma?”

“Inapoza.”

“Sasa gesi mnaitafuta ya nini? Ingekuwa imekwisha, ingejazwa na ukuta?”

Fundi wa gesi alipewa chai na kipande cha changu, akaenda zake. Hoja ya Bibi ilikuwa na meno. Friji inayogandisha kwa umeme wa ukutani ina gesi, ina kompresa nzima na ina kidhibiti kinachojua kazi. Na ikipoza gari likiwa linawaka, basi hata umeme wa volti 12 inauweza. Kilichobaki ni kugoma kwake injini ikinyamaza, na hapo Shemeji akaona uwanja umebaki wake peke yake.

“Betri,” akarudia. “Injini ikizimwa inayolisha ni betri. Imekufa.”

Duka la spea la Tanga analijua yeye, na mwenye duka ni rafiki yake. Ikanunuliwa betri mpya ya N70, kwa fedha ambazo mimi nilikuwa nimezitengea vitenge. Ile ya zamani Shemeji alijitolea kwenda kuitupa mwenyewe, tusipate taabu. Tulimshukuru.

Usiku, friji ikagoma vilevile.

Bibi hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule, kalamu ya wino na kigoda, akaketi nyuma ya gari. Lazima nieleze, maana asiyemjua angedhani ni uzee. Ujana wake wote Bibi alikuwa mhudumu wa zahanati, enzi ambazo vijiji vile havikuwa na umeme na chanjo zilitunzwa kwenye friji ya mafuta ya taa. Chini ya friji kuna taa ya utambi. Moto unaichemsha amonia iliyochanganywa na maji, mvuke wa amonia unapanda, unapoa na kuwa kimiminika, halafu ukigeuka mvuke tena ndani ya kabati unanyang'anya joto. Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliubuni ufundi huo mwaka 1922, na mashine yao haina kitu kinachozunguka. Inachodai ni mtu wa kuiangalia. Utambi usipokatwa vizuri moto unatoa masizi. Friji ikilala upande, mzunguko unakwama. Kazi ya Bibi ilikuwa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, kuhakikisha kinakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kuandika. Chanjo ikiharibika haibadiliki rangi wala haitoi harufu, kwa hiyo shahidi ni daftari.

Magari ya kambi ya Ulaya mengi bado yana friji za ukoo huo, zinazokula gesi ya kupikia, umeme wa ukutani au betri. Kwenye betri zinakula ampea 10 na zaidi bila kupumzika, ndiyo maana wenyewe huzitumia kwa betri gari likiwa linatembea tu. Yetu ingekuwa ya aina hiyo, kugoma kungekuwa tabia yake na kesi ingeishia hapo. Lakini yetu ni ya kompresa, na ya kompresa imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kuishi na betri.

Bibi alianza kuandika. Nimeuhifadhi ukurasa ule. Saa mbili usiku: injini imezimwa, friji inanguruma. Muda si mrefu: imenyamaza, taa nyekundu ya ubavuni inakonyeza mara moja, inatulia, inakonyeza mara moja. Baadaye: inajaribu kunguruma, inaacha. Pembeni ameandika kwa herufi ndogo kwamba sauti hiyo ni ya mkwe aliyeanza kuongea kisha akagundua mama mkwe yuko sebuleni. Alijaza ukurasa mzima, tasbihi kwa mkono wa kushoto, kalamu kwa wa kulia, na paka wa majivu kamkalia miguuni.

Asubuhi aliagiza aitwe fundi umeme wa magari, mzee karibu mwenzake, aliyetumia maisha yake kwenye matrekta ya shamba la mkonge. Alikuja na baiskeli, kimkoba cha ngozi na mita ya kupimia umeme iliyofungwa utepe mweusi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa usome kwanza.”

Fundi alisoma daftari kama mtu asomaye barua ya mahakama. Akainua kichwa. “Inakonyeza mara moja? Si mara tatu, si mara tano?”

“Nimehesabu chanjo za kata nzima,” Bibi akamjibu. “Nitashindwa na taa?”

Fundi akacheka, kisha akatueleza. Kompresa ya friji yetu ni ya aina ya BD35, iliyoenea sana kwenye friji za magari na mashua, na ina kifaa cha kielektroniki kinachoiongoza. Ikishindwa kazi haikai kimya, inasema kwa taa. Kukonyeza mara moja ni umeme unaofika kuwa pungufu. Mara mbili, feni inakula kupita kiasi. Mara tatu, mota imeshindwa kuanza. Mara nne, mota inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Mara tano, kifaa chenyewe kimepata joto kali. Sisi tuliokuwa tumelala, friji ilikuwa ikitwambia usiku kucha.

“Si nilisema!” Shemeji alisimama. “Umeme pungufu! Betri!”

“Hii mpya uliyoinunua jana?”

Shemeji alichukua mita mwenyewe, akafungua boneti, akapima. Volti 12.6. Akaenda nyuma, akachomoa plagi ya friji, akapima kwenye tundu lake. Volti 12.6 tena. Akatutazama sote, zamu hii bila sauti ya daktari.

“Umepima nini?” fundi akamuuliza.

“Betri.”

“Ikifanya nini?”

“Imetulia.”

“Hata mimi nikitulia sina ugonjwa,” fundi akasema. “Mwambie kaka yako anibebeshe gunia la mahindi hadi ghorofani, ndipo unipime.”

Akairudisha plagi, safari hii akaingiza ncha za mita ubavuni mwake ili apime friji ikiwa kazini. Kompresa ikaanza kunguruma. Tukainama wote. Namba zikateremka mbele ya macho yetu: 12.6, 11, 10.5, 10.3. Friji ikanyamaza. Taa ikakonyeza mara moja, na Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeitikia salamu. Papo hapo namba zikapanda tena hadi 12.6. Wakati ule mtoto aliyewekwa mbele na mita ya Baba Watoto akapaza sauti kwamba kwenye betri yenyewe namba haikushuka chini ya 12.4.

Sasa hesabu ikaonekana. Kifaa kile cha kompresa kinailinda betri isinyonywe mpaka gari lishindwe kuwaka, hivyo kikiona volti zimeshuka hadi 10.4 kinakata, na hakikubali kuwasha tena mpaka zifike 11.7. Betri ilikuwa inatoa 12.4, friji inapokea 10.3. Volti 2 na ushee zilikuwa zinapotea njiani. Friji ikikata, hakuna mzigo, hakuna upotevu, umeme unaonekana umejaa. Friji inaamini, inajaribu, inaangushwa. Ndivyo ilivyokuwa mpaka paka wakaja. Injini ikiwaka, alteneta inasukuma volti kama 14; ukizitoa zile 2 zinabaki 12, zinazotosha. Kwa hiyo mwizi alikuwepo hata tukiwa barabarani tunakunywa soda, ila wakati ule kulikuwa na cha kuibiwa na cha kubaki.

Kumtafuta mwizi ilibidi kitanda cha mbao kitolewe, na pamoja nacho magodoro, sufuria na mifuko ya watoto. Ua wa Bibi ukawa gulio. Fundi aliufuata waya wa friji kutoka nyuma kwenda mbele. Ulikuwa mwembamba, wa milimita mraba 1.5, waya wa kuwashia taa ya kusomea. Kutoka betri hadi friji ni mita 6. Kwa ampea 5 zinazotumiwa na kompresa, waya huo peke yake unameza karibu volti 0.35. Taa ndogo isingelalamika. Friji ina kiwango chake, na chini yake haishuki.

Volti zilizobaki tulizikuta zikipotelea mahali pawili. Kwanza kwenye kasha la fyuzi, ambako plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kwa joto. Pili kwenye ethi, chini ya kitanda. Aliyeifunga alipitisha waya mmoja tu kutoka betri, na wa kurudi akaukaza kwa bolti kwenye bodi ya gari, juu ya rangi. Mvua za Ngorongoro na vumbi la Serengeti zilikuwa zimefanya kazi yao. Fundi alipoigusa bolti kwa spana, ganda la kutu lilibanduka. Nyuzi za shaba zilikuwa za kijani. Alipozisugua kwa kidole gumba zikamomonyoka, zikamwachia unga wa kijani kwenye ukucha. Nyuzi chache mno ndizo zilizokuwa bado zimeshika. Friji nzima ilikuwa inarudishia umeme wake hapo.

“Na betri mmeinunua,” fundi akasema, si kwa kuuliza.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi. Nyaya mbili za milimita mraba 6 zilivutwa, nyekundu na nyeusi, zote zikaenda betrini moja kwa moja bila kuomba msaada wa bodi. Fyuzi ya ampea 15 ikawekwa karibu kabisa na betri, kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Plagi ya tundu la kuwashia sigara, inayolegea kila gari likiruka shimo, ikatupwa, ikawekwa ya kukaza. Fundi akapima tena friji ikiwa kazini: betrini 12.4, kwenye friji 12.2. Bibi akaandika. Usiku ule friji ilinguruma na kupumzika, ikanguruma na kupumzika, na taa haikumkonyeza mtu.

Kabla ya kupanda baiskeli yake fundi alituonya tusiifanye betri kisima kisichokauka. N70 ina ampea-saa zipatazo 70, na mkitaka isife mapema isitumiwe zaidi ya nusu. Friji ikipumzika nusu ya muda, inakula kama ampea-saa 2.5 kila saa, kwa hiyo nusu ya betri inaivusha usiku mmoja na asubuhi yake. Joto la Muheza likiongezeka, au watoto wakifungua kifuniko kila dakika kuangalia kama soda bado zipo, muda unapungua. Tena betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, kunyonywa polepole kunaichosha.

“Mngekuwa na betri mbili ingekuwa vizuri zaidi,” akasema. “Moja ya kuwashia, moja ya friji, na rilei katikati, ili mkizima gari kila moja ibaki na kazi yake. Ile ya zamani mliipeleka wapi?”

Shemeji alishikwa na kikohozi.

“Imetupwa,” Baba Watoto akajibu.

“Haijatupwa,” akasema mwanangu mdogo, ambaye hakuna aliyemuuliza. “Iko kwa baba mdogo. Inachaji simu za watu. Shilingi mia tano.”

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Wifi ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Ilibidi akae chini kwenye magodoro. Betri iliyotangazwa kufa chini ya mwembe ilikuwa na taa mbili, redio na biashara. Shemeji alijitetea kwamba aliona ni dhambi kuitupa, na kwamba alikusudia kutueleza mambo yakishakaa sawa.

Bibi alifunga daftari. Hukumu yake ilikuwa fupi. Betri ya zamani irudi kwenye gari, ifanye kazi yake ya kuwasha injini. Mpya ilishe friji. Gharama ya rilei itoke kwenye mapato ya simu. Na kuanzia siku ile, katika nyumba yake, hakuna mtu wala chombo kitakachohukumiwa kabla hakijapimwa kikiwa kimebeba mzigo. Aliposema “mtu” alimtazama Shemeji, kisha, bila haki yoyote, akanitazama na mimi.

Tulipoondoka, nguru wapya walikuwa wamekauka kwa baridi kiasi cha kugongana. Shemeji aliomba lifti hadi Moshi, kwenye harusi ya rafiki yake. Alikuja na begi, shati jeupe lililokunjamana, pasi ya umeme, na inveta aliyoipata kwa yule rafiki yake mwenye duka. Alisema sasa gari lina betri mbili na waya mnene, tukifika Korogwe atapiga pasi bila kutusumbua.

Baba Watoto aliigeuza pasi akasoma kibandiko chake: wati 1000. Akagawa kwa 12, kichwani, kama alivyokuwa akiwagawia watalii lita za mafuta kwa kilomita. Zaidi ya ampea 80, kupitia fyuzi ya 15. Akamkabidhi ndugu yake mita, akawasha gari.

Harusini, nimeambiwa, watu walilisifu sana koti la Shemeji, ambalo hakulivua hata chakula kilipoletwa.